Shahawa kuganda kisha kuyeyuka: je, ni dalili ya udhaifu?

Mkazi wa Buhongwa ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo nimeona haya kumwuliza mtu ana kwa ana, nami naamini humu wapo wenye ujuzi wa maabara au wa biolojia watakaonijibu bila mzaha. Mimi na mwenzangu tumekaa miaka miwili katika ndoa bila kupata mtoto. Majuma matatu yaliyopita nilipima shahawa katika maabara moja hapa mjini Mwanza, nikakabidhiwa karatasi na kuambiwa nimwone daktari, ambaye miadi yake ni Alhamisi ijayo. Karatasi inasema ujazo ni mililita 1.9, pH ni 8.2, mbegu ni milioni 11 katika kila mililita, kisha kuna mstari huu: "Iliganda, imeyeyuka kabisa baada ya dakika 45."

Mstari huo wa mwisho ndio unaoninyima usingizi. Tangu ujanani nimesikia kwamba shahawa ya mwanamume kamili huwa nzito na hubaki nzito, na kwamba ikigeuka kuwa nyepesi kama maji yaliyooshewa mchele, basi mwenyewe amekwisha. Jirani yangu ameshanielekeza kwa muuza dawa mwenye unga wa mizizi ambao, kwa maneno yake, huifanya shahawa "isiyeyuke", na bei yake si ndogo. Kabla sijatoa fedha, naomba kufahamishwa: shahawa imeundwa na vitu gani hasa? Ni nini kinachoigandisha, na ni nini kinachoiyeyusha? Je, kuganda huko ni sawa na kule kwa damu?

Mpimaji wa Pasiansi amejibu:

Ndugu wa Buhongwa, fedha zako zibaki mfukoni kwanza. Mstari huo haukutangaza ugonjwa. Umeandika kwamba jambo lililopaswa kutokea limetokea, tena ndani ya muda unaokubalika. Shahawa ya binadamu huganda muda mfupi sana baada ya kutoka, ikawa kama ute mzito au jeli, kisha huanza kuyeyuka yenyewe. Kwa watu wengi huwa imeyeyuka ndani ya dakika 15 hadi 30, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tunaoutumia maabara, ambao toleo lake la sita lilitoka mwaka 2021, hutaka mpimaji aandike kasoro pale tu dakika 60 zinapopita bila shahawa kuyeyuka. Kwa hiyo unga wa kuifanya "isiyeyuke", kama ungefanya kazi, ungekuletea kasoro ambayo huna.

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo mitaani hutumiwa kama kitu kimoja. Mbegu ni chembe hai zinazotengenezwa katika korodani, na huonekana kwa hadubini tu. Shahawa ni kimiminika kizima, ambacho ndani yake mbegu huchukua sehemu ndogo sana, kwa kawaida asilimia 2 hadi 5 ya ujazo. Ndiyo maana mwanamume aliyefunga uzazi kwa kukatwa mirija huendelea kutoa shahawa ambayo kwa macho hutaitofautisha na ya mwingine, ingawa haina hata mbegu moja. Uzito au wepesi unaouona kwa macho, basi, haukuelezi idadi ya mbegu.

Sehemu kubwa ya kimiminika hicho, takribani theluthi mbili au zaidi kidogo, hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, ambavyo huitwa vifuko vya shahawa. Sehemu nyingine, kama robo hivi, hutoka katika tezi dume. Kiasi kidogo kinachobaki hutoka katika korodani na mirija yake, na katika tezi ndogo zilizo karibu na mrija wa mkojo.

Kuhusu kuganda, fikiria gundi ya mirija miwili ambayo mafundi huinunua dukani: kila mrija peke yake hubaki laini, na ugumu huja pale yaliyomo yanapochanganywa. Vifuko vya shahawa hutoa protini ziitwazo semenojelini, nazo ziko za aina mbili. Tezi dume kwa upande wake hutoa majimaji yenye zinki nyingi, asidi ya sitriki na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali) ambacho jina lake la kifupi wanaume wengi wa umri wangu wanalijua kwa sababu nyingine kabisa: PSA. Ndiyo hiyo hiyo PSA inayopimwa katika damu kuchunguza saratani ya tezi dume. Mle ndani ya tezi, PSA imezuiwa na zinki isifanye kazi. Majimaji hayo mawili yanapokutana, semenojelini huinyakua ile zinki, hushikamana zenyewe kwa zenyewe pamoja na protini nyingine iitwayo fibronektini, na hapo ndipo shahawa inapoganda. Lakini zinki ikishanyakuliwa, PSA nayo imefunguliwa, na kazi yake ya kwanza ni kuzikatakata zile semenojelini zilizomfungua. Tendo lile lile linaloanzisha kuganda ndilo linaloanzisha kuyeyuka. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na bado kila ninapoangalia saa nikisubiri kopo liyeyuke huona jambo hili ni la ajabu.

Si kuganda kwa damu. Damu huganda kwa protini nyingine iitwayo fibrinojeni, ikigeuzwa nyuzinyuzi na kimeng'enya kiitwacho thrombini. Katika shahawa, mhusika mkuu ni semenojelini.

Sasa niruhusu nikuulize swali ambalo wewe hukuniuliza. Katika karatasi yako, mstari wa kuyeyuka ndio usionipa shida hata kidogo. Ninaouangalia ni ule wa mbegu milioni 11. Kiwango cha chini cha rejea katika mwongozo huo ni milioni 16 kwa mililita, na milioni 39 kwa shahawa yote kwa jumla; wewe ukizidisha 1.9 kwa 11 unapata kama milioni 21. Hiyo haina maana kwamba huwezi kuzaa, maana wapo waliozaa wakiwa na chache kuliko hizo. Je, shahawa yote iliingia katika kopo, au kuna iliyomwagika? Na kama ilimwagika, ilikuwa ya mwanzo au ya mwisho?

Mwalimu wa Sengerema amejibu:

Mpimaji ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa kemia, kwa sababu wanafunzi wangu wa kidato cha nne huniuliza maswali haya haya kwa vikaratasi visivyo na jina.

Sukari iliyo nyingi zaidi katika shahawa si ile ya damu. Ni fruktosi, sukari ya matunda, na hutengenezwa katika vifuko vya shahawa. Aliyeitambua ni mtafiti Thaddeus Mann, aliyekuwa Cambridge nchini Uingereza, naye alichapisha matokeo yake mwaka 1946. Mbegu huitumia kama chakula cha safari. Katika mililita 100 za shahawa kuna takribani miligramu 270 za fruktosi na takribani gramu 5 za protini. Zinki ni kama miligramu 16, ilhali katika majimaji ya damu ya kiasi hicho hicho zinki ni karibu sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kwa maneno mengine, tezi dume hukusanya zinki kutoka katika mwili na kuiweka katika shahawa kwa wingi unaozidi ule wa damu zaidi ya mara mia moja. Asidi ya sitriki, ambayo ndiyo inayoipa ndimu ukali wake, nayo imo kwa wingi, na hutoka tezi dume hiyo hiyo.

Yamo pia mafuta yenye kazi kama ya homoni, ambayo mwanasayansi wa Sweden, Ulf von Euler, aliyaita prostaglandini mwaka 1935 akiamini kwamba yanatoka katika tezi dume. Baadaye ilibainika kwamba mengi yake hutoka katika vifuko vya shahawa, lakini jina lilikwisha kuzoeleka na hakuna aliyehangaika kulibadilisha. Harufu ya shahawa, ambayo huwakumbusha wengi dawa ya kung'arisha nguo, hutokana hasa na spermini, kitu ambacho fuwele zake ziliwahi kuonwa katika shahawa iliyokauka na Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea hadubini, katika miaka ile ile ya 1677 na 1678 alipoziona mbegu na kuiandikia jumuiya ya wanasayansi ya London.

Wapo wanaosema tone moja la shahawa ni sawa na matone mengi ya damu, na kwamba mtu hupungukiwa mwili kila inapotoka. Piga hesabu mwenyewe. Shahawa ya mililita 3 ina protini isiyofika gramu moja. Haifiki hata sehemu ya thelathini ya protini iliyomo katika yai moja la kuku. Mtu aliyekula ugali na dagaa mchana ameshaifidia mara nyingi kabla jua halijazama. Dagaa wa ziwani, kwa kuwa tunamla mzima na mifupa yake, ana zinki ya kutosha, lakini naomba mtu asiondoke hapa akanunua gunia zima akidhani litaifanya shahawa yake iwe nzito.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikishuka uasidi huzidi: uke kwa kawaida una uasidi mkali, karibu 4, na mbegu haziupendi. Shahawa, ambayo pH yake huwa 7.2 au zaidi, huupunguza uasidi huo kwa muda, na mbegu hupata nafasi ya kuingia katika ute wa mlango wa kizazi. Kuganda nako hudhaniwa kuwa huishikilia shahawa isitoke mapema. Semenojelini hujibandika juu ya mbegu zenyewe na kuzituliza. Zinapokatwa na PSA, mbegu huachiwa kuogelea. Shahawa isiyoyeyuka ingekuwa kama mtumbwi ambao nanga yake haing'oki.

Mganga wa Mifugo, Misungwi amejibu:

Nami niruhusiwe kuingia, ingawa wateja wangu wana miguu minne. Kama uzito wa shahawa ungekuwa kipimo cha urijali, basi fahali angekuwa wa mwisho katika orodha. Shahawa ya fahali haigandi kabisa. Hutoka ikiwa kimiminika na hubaki kimiminika, ujazo wake ni mililita chache tu, na mililita moja huweza kuwa na mbegu zaidi ya bilioni moja. Katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, yaani cha kupandikiza mifugo mbegu, kule Usa River, Arusha, shahawa ya namna hiyo hugawanywa katika mirija midogo midogo na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na dume mmoja huzaa ndama katika mikoa ambayo hajawahi kuikanyaga.

Nguruwe dume ni kinyume chake. Hutoa shahawa ya mililita 200 na zaidi, yenye chembe nzito za jeli zinazotoka katika zile tezi ndogo za karibu na mrija wa mkojo, ambazo kwa binadamu hutoa matone tu. Sisi tukiikusanya huichuja kwa kitambaa na kuitupa ile jeli, kwa maana kwa kazi yetu haina faida. Panya hutengeneza kizibo kigumu kinachoziba uke wa jike, na sokwe mtu pia huacha kizibo kama hicho. Binadamu yuko katikati: huganda kidogo, kisha huyeyuka. Kila mnyama na kawaida yake, na hakuna kati yao ambaye nimemwona akinunua unga wa mizizi.

Mkazi wa Buhongwa amerudi:

Nawashukuru sana, na mganga wa mifugo amenichekesha kwa mara ya kwanza tangu nipewe karatasi ile. Mpimaji, umenigusa penyewe. Ni kweli, sehemu ya mwanzo ilinimwagikia nje ya kopo, nami kwa haya sikumwambia mtu. Niliona bado kuna ya kutosha, nikafunga kifuniko nikakabidhi.

Nina mambo mengine matatu. Niliona vipande vidogo kama punje za sago vilivyobaki hata baada ya shahawa kuyeyuka. Pia nimeona kwamba nikioga maji ya moto shahawa hujikunja na kuwa nyuzi za kunata ambazo haziondoki kwa urahisi. Na nilipokuwa mdogo kule Kwimba niliugua kichocho, nikakojoa damu; je, ugonjwa huo unaweza kuharibu tezi hizi mlizozitaja?

Mpimaji wa Pasiansi amejibu:

Basi hapo ndipo karatasi yako inapoanza kusomeka. Shahawa haitoki ikiwa imeshachanganyika. Sehemu ya kwanza hubeba majimaji ya tezi dume pamoja na mbegu nyingi zaidi. Ya vifuko vya shahawa hufuata. Uliyoimwaga ndiyo iliyokuwa na mbegu nyingi, zinki na PSA. Iliyobaki kwa sehemu kubwa ilitoka katika vifuko vya shahawa, nayo pH yake huelekea juu, na ndiyo maana haishangazi kuona 8.2. Hata zile dakika 45 huenda zilitokana na PSA kuwa pungufu. Kipimo hicho hakiwezi kukuhukumu. Kirudiwe, na mpimaji aambiwe kila kinachomwagika, hata kama ni tone. Kopo lenye maelezo ya kweli lina thamani kuliko kopo lililojaa.

Punje ulizoziona ni jambo la kawaida. Mara nyingi vipande vya jeli visivyoyeyuka hubaki na havina maana ya ugonjwa. Maji ya moto huzifanya protini zijikunje, kama yanavyoufanya ute wa yai. Oga kwanza kwa maji ya baridi, jambo litaisha.

Kichocho ni swali zito zaidi. Wengi wetu wa kandokando ya ziwa hupata kile cha tumbo, kinachotokana na konokono wa ufukweni, lakini huko bara, katika malambo na mashamba ya mpunga, kilichozoeleka ni cha mkojo. Mayai ya minyoo wa kichocho hicho huweza kukaa katika tezi dume na katika vifuko vya shahawa, yakaleta uvimbe wa muda mrefu, damu katika shahawa, na wakati mwingine kovu la chokaa linaloonekana kwenye picha. Mweleze daktari wako Alhamisi kama ulivyotueleza sisi, na umwambie kama ulipewa prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, au la. Ukiwahi kuona shahawa yenye rangi ya kutu au nyekundu, usisubiri miadi.

Kuna hali ambayo sisi wa maabara hutufanya tusimame, nayo si ile uliyoogopa: shahawa isiyoganda tangu mwanzo, ambayo ni kidogo sana, yenye pH ya chini, na isiyo na mbegu. Hapo tunapima fruktosi kwa kuichemsha na dawa ya resosino yenye asidi. Ikiwepo, rangi hugeuka nyekundu ya machungwa. Ikikosekana, maana yake ni kwamba majimaji ya vifuko vya shahawa hayafiki nje, ama kwa sababu mirija imeziba, ama kwa sababu mtu amezaliwa bila vifuko hivyo na bila mirija ya kupitisha mbegu. Semenojelini haipo, ndiyo maana hakuna kinachoganda. Yako iliganda, kwa hiyo mlango huo umeshafungwa.

Upande wa pili ni shahawa inayokataa kuyeyuka hata baada ya saa moja. Wakati mwingine tezi dume ina uvimbe na haitoi vimeng'enya vya kutosha. Hali hiyo haituzuii kupima: tunaivuta na kuisukuma kwa bomba dogo, au tunaiongezea bromelaini, kimeng'enya kinachotolewa katika nanasi. Ndugu zetu wa Geita wanaolima mananasi wasifurahi mapema, kwani nanasi lililoliwa halifiki huko.

Na jambo moja ambalo halikuulizwa lakini linawahusu wazee: shahawa ina PSA karibu mara milioni moja kuliko damu ya mtu mwenye afya, kwa hiyo anayekwenda kupima PSA ya damu ashauriwe kukaa siku mbili bila kutoa shahawa, asije akapata namba ya kumtisha bure.

Mvuvi wa Ukerewe ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Nami natakiwa kupeleka sampuli Mwanza. Je, naweza kuitoa nyumbani Nansio, nikaiweka katika boksi la barafu pamoja na sangara, nikapanda meli?

Mpimaji wa Pasiansi amejibu:

Hapana, kaka. Barafu huzizimisha mbegu, na sampuli inatakiwa ifike mezani kwetu ndani ya nusu saa, na isizidi saa moja, ikiwa kati ya nyuzi 20 na 37. Hata boti ikiwa na mwendo gani, saa moja haitoshi. Panda meli wewe mwenyewe na uitoe palepale hospitali. Kuna chumba cha faragha. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa kabla ya kipimo, wala usitumie sabuni, mafuta, mate au kondomu ya kawaida, kwa maana vyote hivyo huziumiza mbegu.

Ndugu wa Buhongwa, hayo yanakuhusu nawe, ingawa wewe huna ziwa la kuvuka. Mkeo naye apimwe wakati huohuo, maana sababu ziko pande zote mbili na si haki mmoja asubiri mwenzake amalize. Siku ya kurudia kipimo, fungua kopo kabla, lishike karibu, na likiwa tayari andika juu yake kwa kalamu isiyofutika saa na dakika uliyoitoa shahawa. Sisi huanza kuhesabu kuyeyuka tangu dakika hiyo, na mtu asipoiandika, mpimaji huanza kuhesabu tangu kopo lilipomfikia.